Nilificha Majani

Debe la mafuta ya kula likiwa limejaa halibebeki kichwani bila ngata. Mimi walinibebesha bila ngata. Mgambo mmoja aliniinamisha, mwingine akalitua utosini, wakaniambia tembea. Tulitoka kwenye nyumba za watumishi kule Bagara, tukashika barabara kuelekea sokoni, na mgambo wa tatu akatangulia akigonga sufuria kwa mwiko ili watu watoke nje kutazama. Sufuria ilikuwa ya jikoni kwangu na mwiko ulikuwa wangu. Alikuwa akitangaza kwamba amekamatwa mhujumu uchumi, mficha mafuta, njooni mumwone.

Watu walitoka. Nisiseme uongo, wengi hawakunitazama mimi, walitazama debe. Ilikuwa miaka ile ambayo mafuta ya kula ulikuwa unayasikia tu redioni. Mama mmoja alinifuata hatua kadhaa akivuta harufu, kama mtu anayefuata ng'ombe wake.

Sokoni alikuwepo mama yangu mzazi. Alikuwa amekaa chini na kikapu cha maharage, anatafuta mtu wa kubadilishana naye chumvi. Alipoisikia ile kelele inakuja alisimama, na alipoona aliye chini ya debe ni mimi akaja mpaka karibu. Mgambo walimwacha asogee kwa sababu ya umri wake. Debe lilikuwa linavuja kidogo pembeni. Mama alilipitisha kidole, akakinusa kile kidole, kisha akaniuliza taratibu, kama vile tuko wawili tu uani.

"Agnes, ulikuwa na debe zima la mafuta. Mimi ukawa unaniletea majani?"

Nilisema, "Mama, si langu," lakini shingo ilikuwa imekazana na yule mwenye sufuria hakuacha kugonga. Sijui kama alisikia. Alirudi kwenye maharage yake, akakaa, akajifunika kanga mpaka usoni.

Mahabusu nilikolala baada ya hapo, kunguni wake, baridi yake, vyote navikumbuka. Lakini siviweki karibu na pale sokoni.

Sasa nirudi nyuma. Nimestaafu jiko la mabweni mwaka huu, magoti yamekataa kusimama, na ninyi wawili mliobaki pale jikoni mkaniomba niwaandikie namna nilivyokuwa napika vitu vilivyoletwa bila mpango, leo gunia la kabichi, kesho maboga tupu, na watu wakala wakashiba. Nitawaandikia. Habari za vyeo naziruka kwa sababu sikupata, na za mshahara naziruka kwa sababu mnaujua. Lakini namna ya kupika kapu siwezi kuieleza bila kuwataja walionifundisha na walioniangamiza, maana niliwapata mahali pamoja.

Nilianza kazi nikiwa msichana, nimeishia darasa la nne, natokea Nakwa kwa miguu. Niliajiriwa nyumbani kwa Bwana Hosea. Huyu alikuwa bwana stoo wa mradi mmoja wa bustani uliokuwa Mutuka. Mradi wenyewe ulishakufa, shamba lake leo ni viwanja na nyumba za watu. Zamani walilima mboga za kupeleka Arusha, lakini lori likawa halina matairi, likipata matairi halina dizeli, mboga zikawa zinaozea shambani. Ndipo wakaamua kila Jumamosi kila nyumba ya mtumishi iletewe kapu moja, limejazwa chochote kilichoiva wiki hiyo. Nyumba ya Bwana Hosea ilikuwa na yeye, mke wake tuliyemwita Mama Upendo, watoto watano na mama mkwe asiye na meno. Wote hao walikula kutoka kwenye kapu moja, Jumamosi mpaka Jumamosi, na aliyetakiwa kulifikisha ni mimi.

Jumamosi yangu ya kwanza trekta lilikuja na tela, likashusha kapu mlangoni. Mama Upendo aliniambia pika, akaingia ndani. Nikalifungua. Mchicha niliujua, kabichi niliijua. Halafu nikakuta kitu kama kabichi iliyougua, katikati imevimba uvimbe mweupe. Niliukata uvimbe nikawatupia kuku, nikapika majani yake. Jioni Bwana Hosea aliuliza koliflawa liko wapi, nikasema sijaona mtu wa jina hilo. Walicheka mpaka mama mkwe akapaliwa. Kuku wale walikula vizuri kuliko wenye nyumba.

Aliyeniokoa ni Mama Theresia. Alikuwa mpishi wa nyumba ya jirani, mtu wa Dareda, mnene, mwenye sauti ndogo, amepikia misheni na wazungu na wahindi kabla mimi sijazaliwa. Aliona kuku wanakula koliflawa akaja kwenye ua wa miti akaniita.

"Wewe mtoto wa Nakwa. Kapu halipikwi. Linapangwa kwanza, halafu ndiyo linapikwa."

Akaniingiza jikoni kwake. Akamwaga kapu lote juu ya gunia, akachuchumaa, akaanza kuviuliza vile vitu kimoja kimoja: wewe utakufa lini? Mchicha ulijibu leo jioni. Majani ya maboga yakajibu kesho asubuhi. Nyanya zilizoiva sana zikasema zinakata roho sasa hivi. Biringanya na bamia wakaomba siku mbili tatu. Kabichi ikasema nivue nguo za nje tu, mimi nafika Alhamisi. Karoti, viazi, boga, hao hawana haraka na mtu. Vitunguu alivifunga shingo akavitundika. Tangu siku ile sijawahi kupika kwa hamu yangu wala ya mwenye nyumba. Napika anayekufa kwanza. Ninyi mnaopika nyama Jumatatu kwa sababu matroni anapenda nyama, halafu Ijumaa mnatupa mchicha wa njano jalalani, mjue nilikuwa nawaona.

Nyanya zilizopasuka alinifundisha kuzichemsha na chumvi kwa moto mdogo mpaka zigande kama uji mzito, ukazitia kwenye chupa iliyopashwa moto, zikafika mwisho wa wiki. Majani ya karoti usitupe, yakatekate na mnavu, ukali wa huyu unamfuta yule. Kisu tulinoa kwenye jiwe la kizingiti, na kisu changu kilikuwa cha mhunzi, kizito, hakina mpini isipokuwa matambara. Nilitembea nacho kazi zangu zote. Hivi vya dukani vinavyokunjika mkikata boga, mimi sivijui.

Kisha mambo yakaharibika zaidi. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, tukawa tunaoshea vyombo majivu. Unga wa dona ukapotea ukaja unga wa njano wa msaada, watoto wa Bwana Hosea wakaulilia siku nzima wakisema ni chakula cha kuku. Tulipika kwa kubahatisha. Kitunguu nilikikaangia maji: chungu kikishika moto unadondosha maji kidogo, unageuza, unadondosha tena, mpaka kinakuwa chekundu chenyewe. Alizeti tulitwanga, tukapepeta maganda, tukatia maji ya moto, tukapata uji mzito wa kutilia kwenye kabichi. Siku yenye maziwa niliengua malai nikaungia maharage. Mama mkwe alikuwa anasema chakula changu kina mafuta kuliko cha wenye mafuta. Ni sifa niliyoifurahia wakati ule. Baadaye iliniponza, maana majirani nao walikuwa wameisikia.

Mama Upendo alinikubalia yale majani ya nje ya kabichi na vichwa vya karoti niyachukue. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda nayo Nakwa kwa mama. Mama aliishi na kaka yangu Petro, ndiyo maana wote walimwita Mama Petro, na mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Mama aliyapika kwa chumvi, ikikosekana chumvi kwa magadi, na wakipita watu aliwaita ndani waje waonje. Aliwaambia binti yake anafanya kazi mjini na anamlisha. Nilikuwa nakaa pale kwenye kigoda naona aibu, na moyoni nimejaa furaha.

Na sasa habari ya pipa. Wakati mboga zinaletwa nyingi kuliko tunavyoweza kula, nilikausha. Nilichemsha majani ya kunde na ya maboga mara moja tu, nikatia chumvi kidogo kama ipo, nikayaanika kivulini juu ya gunia, kwa sababu jua kali linaua rangi na ladha. Yakikauka mpaka yanalia mkononi, nayashindilia kwenye pipa la bati lililokuwa la maziwa ya unga, nafunika. Ikija wiki ya kapu jepesi nalifungua pipa, naroweka, naunga na karanga, nyumba inakula. Pipa lile ndilo lilikuwa kazi yangu hasa. Mtu akija jikoni nilimwonyesha kabla hajauliza.

Kuna neno moja lazima niwaelezee hapa, ninyi mliozaliwa mnaongea Kiswahili. Sisi Kiswahili tulikikuta shuleni, na wengine hata shule hatukukaa nayo. Nyumbani kwetu mtu akiweka kitu vizuri kwa ajili ya mbele alisema amekificha. Mama alificha mbegu kwenye kibuyu juu ya moshi. Shangazi alificha maziwa yagande. Mtoto akilala ulimficha na blanketi. Hakuna aliyekuwa anaiba. Tulilichukua neno la watu tukalifanyisha kazi yetu, na wote wa kwetu, Nakwa mpaka Mutuka, tulielewana. Mama Upendo mwenyewe ni mtu wa huku huku. Alikuwa akiniuliza kila Ijumaa, "Agnes, umeficha majani ya kutosha?" Namjibu, "Nimeficha, mama."

Siku moja nilifungua pipa nikakuta limepanda, majani yamefika shingoni wakati mimi nilikuwa nimeyaacha chini ya nusu. Nikamwuliza Mama Upendo. Akasema jirani yake mmoja alimpa majani ya kunde, akayaongeza. Akasema, "Usilivuruge, chukua ya juu tu." Na mimi nikachukua ya juu tu. Mwenye nyumba akikwambia chukua ya juu, unachukua ya juu.

Haukupita muda ukaja msako. Redioni walikuwa wanatangaza walanguzi na wahujumu, mjini maduka yamefungwa, watu wanatupa sabuni vyooni usiku wasikutwe nazo. Siku walipofika kwetu ilikuwa asubuhi na nilikuwa namenya viazi. Waliingia mgambo watatu, kijana mmoja mwenye kaunda suti aliyetoka wilayani, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lazaro, mtu wa Nakwa kama mimi, shamba lake limepakana na la baba yangu mdogo. Mama Upendo aliwafuata nyuma, ana mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Niliwaamkia wote shikamoo. Yule wa kaunda suti aliitika huku anazungusha macho, akaliona pipa, akaligonga kwa kidole cha mguu.

"Nani ameficha humu?"

Nikasimama, nikafuta mikono. Nilifikiri amesikia sifa.

"Nimeficha mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi peke yangu. Mama hajui habari za jiko."

Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani bila kukitafuta. Akawaambia mgambo wapindue. Yakamwagika majani yangu, kazi ya miezi, yakatapakaa sakafuni, wakayakanyaga. Chini yake likatoka debe la mafuta. Ikatoka miche ya sabuni, ikatoka mifuko ya sukari imefungwa kwa uzi wa katani, uzi ule ule wa magunia ya stoo.

Nilisema mimi nimeficha majani. Yule kijana akageuka kwa wenzake, "Majani yanafichwa?" Wakacheka. Nikasema tena, majani, nimeficha majani ya kiangazi, mwulizeni mama. Wote tukamtazama Mama Upendo. Alikuwa anamtikisa mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amelala.

Aliendelea kutikisa.

Nikamgeukia Mzee Lazaro. Huyu mke wake huficha mbegu kila mwaka, na yeye mwenyewe ndiye anayesema mke wangu ameficha. Nikamwambia kwa lugha ya kwetu, mzee, waelezee. Akanijibu kwa Kiswahili, tena cha mkutano, kwamba mbele ya vyombo vya dola tuzungumze lugha ya taifa. Halafu akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na kitu cha kutazama.

Bwana Hosea aliitwa kutoka kazini. Alifika anahema, akaona debe, akashika kiuno. "Huyu binti tulimlea kama mtoto wetu," akasema. Hilo tu. Na yeye ndiye aliyekuwa na funguo za stoo, na yeye ndiye aliyeifunga ile mifuko ya sukari, kwa maana fundo lake nililijua, alikuwa anafunga hivyo hivyo mifuko ya maharage ya nyumbani. Mkono wa bwana stoo hauna siri kwa mpishi wake. Nilisema hilo pia. Nani atamsikiliza mtu aliyekwisha kukiri?

Mengine nimeshawaambia mwanzoni.

Mahabusu nilikaa mpaka mvua zikaanza. Huko nako walinipikisha. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuhujumu chakula cha taifa ndiye aliyewapikia askari maharage, na hakuna aliyeogopa. Wengine waliingia wakapelekwa mahakamani, wengine wakarudi. Mimi siku moja askari alisoma majina, akasema ninyi nendeni. Nikamwuliza kama ataniandikia kwamba sina kosa. Akaniambia, "Binti, wenzako wanalia watoke, wewe unalilia karatasi?" Debe lenyewe sikuwahi kusikia lilikoishia. Lilikuwa na miguu kuliko mimi.

Nilifika Nakwa jioni. Mama hakunifokea. Alinipa uji, akanipa mahali pa kulala. Kesho yake nilichuma majani ya kunde, nikayapika vizuri kuliko nilivyowahi kupika, nikayaweka mbele yake. Akachukua ugali wake, akamwagia maziwa.

"Kula wewe," akasema. "Mimi majani nimekula ya kutosha."

Hakuwahi tena kula mboga ya mkono wangu. Nilimweleza, nikamweleza tena. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akala ugali na maziwa. Hakukasirishwa na wizi, angenisamehe wizi. Alichokiona yeye ni kwamba zile Jumapili zote nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake natazama anavyoshukuru kwa majani, huku mjini nina debe.

Mama Theresia aliposikia alitembea kutoka Bagara kuja kumweleza. Mama alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa heshima, "Wewe ni mpishi mwenzake, lazima umsemee. Aje mwenye nyumba aniambie. Akiniambia mwenye nyumba nitaamini."

Kwa hiyo nikarudi ile nyumba. Nilichagua saa ambayo Bwana Hosea yuko kazini. Mama Upendo alinikuta uani, akashtuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Agnes, umepungua."

Nilimwambia sikuja kudai kazi, na polisi siendi. Nilimwambia neno moja tu: aje Nakwa amwambie mama yangu kwamba mimi nilificha majani. Asimtaje mumewe kama anaogopa. Aseme tu debe halikuwa langu. Mama Upendo alilia. Alilia kweli, akanishika mkono, akasema, "Nitakuja Jumapili nikitoka ibadani. Baba Upendo asijue."

Nikaenda nyumbani nikamwambia mama. Jumapili mama alifagia uani yeye mwenyewe, alinikataza nisimsaidie. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaweka maziwa kwenye kibuyu kwa ajili ya mgeni, akakaa nje penye njia. Alikaa mpaka mbuzi wakarudi. Jumapili iliyofuata alifagia tena. Ya tatu hakufagia, ila alivaa kitenge. Baada ya hapo akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mwenye nyumba ana kazi nyingi.

Masika yale alishikwa na kifua. Hospitali dawa hakuna, tuliambiwa tukanunue, na pa kununua hapakuwepo. Mama yangu alikufa anajua mimi nilimlisha majani huku nimeficha mafuta. Siku ya kugawa vitu vyake, Petro alimpa kila dada kitu. Nilipofikiwa mimi akasema mbele ya ukoo, "Wewe una vyako ulivyoficha." Hajaacha kusema hivyo mpaka leo. Watoto wake wamelirithi neno hilo. Nikifika kwenye msiba au harusi ya kwetu, mtu akiuliza chumvi iko wapi, kuna atakayesema mwulizeni shangazi Agnes, na kicheko kinazunguka mpaka kinanifikia.

Mama Theresia ndiye aliyenitafutia kazi pale mabwenini. Mengine mnayajua, nilipika kwa miaka mingi kwa sheria ile ile ya kapu, ila kapu sasa ni pickup nzima. Kausheni mboga zenu wakati wa masika, msingoje kiangazi kiwafundishe. Kabichi ya watu wengi ikatwe nene, nyembamba inakuwa maji. Maharage yasitiwe chumvi kabla hayajalainika. Anayekufa kwanza apikwe kwanza.

Mlikuwa mnacheka kwamba mimi mkubwa wa jiko sina funguo za stoo, nasimama mlangoni na bakuli nasubiri nipimiwe chumvi kama mtoto aliyetumwa. Mlidhani nina macho mabaya, au napoteza vitu. Matroni wa kwanza alihadithiwa mjini, akamwachia habari wa pili, wa pili akamwachia wa tatu. Wa mwisho ni binti mdogo, msako ule hajui hata ulikuwa nini, lakini alijua kwamba Mama Yusta, kama mnavyoniita hapo jikoni, hapewi funguo. Sikuwahi kuzishika. Nimestaafu sijazishika.

Bwana Hosea alizikwa miaka michache iliyopita. Kwa kuwa mimi ni mpishi wa watu niliitwa kusaidia, na kwa kuwa ni msiba nilikwenda. Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya viazi nikasikia kwenye kipaza sauti kwamba marehemu alikuwa mwaminifu, alitunza mali ya umma kwenye miaka migumu. Niliendelea kumenya. Mama Upendo alipita akiwa ameshikwa na binti zake wawili, akasimama, akaniambia, "Asante Agnes kwa kutusaidia." Nilisubiri aongeze. Wakamvuta wakaenda naye.

Mzee Lazaro, upo hai, na masikio yako mazima, nimeambiwa bado unasuluhisha kesi za mipaka. Nijibu mimi. Ulielewa niliposema nimeficha, ulielewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle jikoni. Ulikuwa unamwogopa Hosea au ulikuwa na sehemu yako kwenye lile debe? Sema moja.

Na wewe Mama Upendo. Kwangu usije, sitakuandalia kiti. Nenda Nakwa kwa Petro. Nyumba ni ile ile na njia unaijua, kwa maana gari la mwanao nimeliona likipita pale mara nyingi. Mwite na watoto wake wote, uwaambie nani aliweka debe chini ya majani yangu, na nani aliyeniambia nichukue ya juu tu. Halafu uwaambie ulikuwa wapi Jumapili zile tatu mama yangu alipokaa penye njia amevaa kitenge anakusubiri. Nataka waambiwe na wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla na wewe hawajakuzika kwa kipaza sauti.